Kitabu bila kijumbe

Huu ni mwaka wa sita nacheza mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu na wanawake wenzangu 11 wa mtaani kwetu, na sijawahi kuchelewesha hela hata mara moja. Kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni kijumbe wetu, yaani mkusanyaji wa hela hizo, anapiga hodi, daftari lake lenye jalada la plastiki kwapani. Namhesabia shilingi 20,000, anaweka tiki mbele ya jina langu, anakwenda mlango wa pili. Na ndani ya miaka hiyohiyo, mimi huyuhuyu nimelaza watoto gizani kwa kusahau kununua luku na hela ninayo kwenye simu. Azimio la kazi nimelipeleka kwa mwalimu mkuu wiki tatu baada ya shule kufunguliwa. Harusi ya binamu yangu nilifika watu wanakunja viti.

Jambo hili limekuwa likinizunguka kichwani tangu mwaka juzi, daktari aliponiambia nina ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuuongoza umakini wake na kutulia.

Sikwenda kwa ajili yangu. Nilimpeleka mwanangu wa miaka tisa. Daktari akawa anauliza: anapoteza vitu? Anaanza kazi akaiacha katikati? Anadakia maneno ya wenzake? Kila swali nilikuwa nalijibu mara mbili, kwa mdomo jibu la mtoto, moyoni jibu langu. Mwisho akasema, "Mama, na wewe utafute siku uje tuongee." Hali hii hutembea sana kwenye damu, akanieleza baadaye, ndiyo maana wazazi wengi hujigundua wakiwa wamempeleka mtoto.

Niliporudi alinipa dodoso la maswali 18 lililoandaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya watu wazima. Hakuishia hapo. Aliniuliza nilikuwaje shule ya msingi, nalalaje, nina huzuni ya muda mrefu au la, na akanituma nikapime damu kuangalia tezi ya shingo, kwa sababu vitu hivyo navyo huvuruga umakini. Ndipo akalitamka jina. Nayasema haya kwa anayesoma kitabu cha hali hii usiku, akajiona humo, na asubuhi akajitangaza: kujiona ni mwanzo mzuri, kisha nenda ukapimwe.

Naandika ADHD kwa herufi kwa kuwa Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya jina lake. Wapo wanaosema upungufu wa umakini, nami neno hilo silipendi. Umakini wangu haujapungua. Naweza kufuma kitambaa cha meza kuanzia asubuhi mpaka magharibi nikasahau kula. Kinachonishinda ni kuupeleka umakini huo pale unapotakiwa, saa unapotakiwa. Majina tuliyokuwa nayo nyumbani tulipokua yalikuwa mvivu, mzembe, mtoto asiyetulia, na mama yangu aliyatumia yote kwa uchungu, kwa sababu alinipenda na hakuwa na jingine. Angelitoa wapi? Mwaka 1902, daktari George Still alipohutubia madaktari wenzake jijini London juu ya hali kama hii, alizungumzia watoto, na kwa miongo mingi watu waliamini mtu hukua akaiacha hali hiyo utotoni. Vitabu vya kuwasaidia watu wazima vilianza kutoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati mimi nachapwa kwa kupoteza kalamu.

Basi nikaanza kusoma. Binamu yangu aliye ughaibuni alinitumia vitabu kwenye simu, na kitabu cha kwanza kilinitoa machozi. Kulikuwa na ukurasa unaomwelezea mtu aliyekaa mbele ya kazi anayoitaka kuifanya, anayeiweza, anayejua madhara ya kutoifanya, na mkono hauendi. Miaka 38 nilidhani ni mimi peke yangu. Kwa ukurasa ule tu nitakitetea kitabu kile popote, maana aibu niliyoibeba ilipungua uzito usiku uleule.

Ila zaidi ya nafuu ile kitabu hakikunifikisha mbali. Nilisoma hadi saa nane za usiku, nikaamka na mipango mitano, nikanunua daftari la ratiba, na baada ya wiki mbili mwanangu alikuwa analichorea magari. Cha pili kikawa hivyo hivyo, na cha tatu. Nawaambia waandishi wa vitabu hivi kwa heshima: mnampa mtu kurasa 300 za kujifunza kumaliza jambo, na yeye kumaliza jambo ndiko kunakomshinda. Tena mnamwandikia mwenye chumba chake cha kazi, mlango wa kufunga na pesa ya kumlipa mtu wa kumwongoza kila wiki. Mimi nina meza moja, ambayo ndiyo ya chakula.

Ndipo nikamkumbuka kijumbe. Kwa nini kwake sishindwi? Anakuja mwenyewe, kwa hiyo kukumbuka si kazi ya kichwa changu. Anakuja saa ileile, na kwa ubongo kama wangu kitu kipo sasa hivi au hakipo kabisa. Hodi yake huigeuza Jumamosi kuwa sasa hivi. Anataka jambo moja dogo tu. Na tiki yake naiona kwa macho. Ukivisoma vitabu vile vizuri, ushauri wao mwingi ndio huo: toa kumbukumbu kichwani uiweke nje, gawanya kazi, sogeza matokeo karibu. Kijumbe wetu hajakisoma hata kimoja.

Sitaki nieleweke kwamba mtu anatosha, kitabu kitupwe. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walichapisha utafiti wa watu wazima 86 waliokuwa kwenye dawa na bado wanahangaika. Nusu walifundishwa stadi za kupanga mambo, kuahirisha vishawishi na kuyakagua mawazo yao. Nusu nyingine walifundishwa kutuliza mwili, wakapewa na maelezo juu ya hali yao. Wote walikuwa na mtu wa kukutana naye mara kwa mara, lakini waliofundishwa stadi ndio waliopata nafuu zaidi. Hivyo stadi lazima ziwepo, na kwa sisi ambao hatuna mtaalamu karibu, zimo vitabuni. Ninachodai ni kwamba kitabu hicho kisomwe na watu wawili.

Dawa nazo zipo, daktari ndiye huziandika na kuzisimamia. Mimi nina presha, kwa hiyo tumekubaliana kwanza tuanze na stadi. Anayetumia dawa asisimangwe na mtu.

Kwangu kitabu kimekuwa hivi. Alhamisi baada ya vipindi narudi na madaftari 64 ya hisabati ya darasa la tano kwenye kiroba. Jirani yangu anakuja na ungo wake wa mchele, anakaa kwenye mkeka, mimi mezani. Nilimsimulia sura moja tu, ile inayosema kazi hufanyika kirahisi zaidi akiwepo mtu pembeni na yeye anafanya yake, akacheka: "Hayo si ndiyo tunayofanya msibani siku zote?" Hajui hesabu za sehemu, wala hazimhusu. Anachambua chuya na vijiwe, anavidondosha kwenye kisahani cha bati, navisikia. Nikinyanyuka kwenda kuchungulia kama maji yametoka, hanizuii wala hanisemi. Ananyanyua macho kidogo.

"Mwalimu, umebakiza mangapi?"

"Arobaini na moja."

"Haya."

Narudi kukaa. Hilo "haya" lake halina hukumu ndani yake, na nadhani nguvu iko hapo. Mume wangu alijaribu kazi hiyo kabla yake, na kwa nia njema kabisa, lakini kila swali lake lilikuwa na miaka kumi ya kuchoka nyuma yake, nami nilikuwa nalijibu kwa hasira. Tulikubaliana aiache. Yeye sasa ananinunulia luku kila tarehe 1, na mimi namshonea vifungo vya mashati, kazi nisiyoichoka.

Kwa hiyo unayetafuta kitabu, tafuta na mtu siku hiyohiyo. Usianze ukurasa wa kwanza. Fungua sura ya jambo linalokuuma wiki hii, msimulie, mchague kitu kimoja, naye aje siku inayojulikana kukuuliza kimefikia wapi. Dada yangu wa Tanga, ambaye naye ameanza kujishuku, hunipigia Jumapili usiku. Tumeiruka sura ya kupanga nyumba, tuko kwenye ya hela. Wiki iliyopita alinisomea ukurasa mmoja na nusu, tukaweka simu chini, kila mtu akaenda kuandika madeni yake kwenye karatasi. Baada ya robo saa alipiga tena. Yangu yalikuwa saba, na moja nilikuwa nimelisahau kabisa.