Forodha safi, ushuru wa kupangiwa

Robert Hart, mzaliwa wa Ireland, aliteuliwa kuongoza Forodha ya Bahari ya China, idara ya serikali iliyotoza ushuru wa bidhaa bandarini, mwaka 1863, akabaki na cheo hicho hadi kifo chake mwaka 1911. Wako wanaosema aliiokoa hazina ya nasaba ya Qing, iliyotawala China wakati huo. Wengine wanasema aliitia rehani kwa mabeberu.

Wanaomtetea wana hoja. Zamani, kule Canton, bandari ya kusini mwa China, msimamizi wa forodha alitakiwa kupeleka Beijing kiasi kilichopangwa. Kilichozidi kiliishia mikononi mwake na mwa wenzake. Hart aliwalipa maofisa wake mishahara minono ili wasishawishike na rushwa, na akawa anachapisha takwimu za biashara kila mwaka. Mapato yalipanda kutoka taeli milioni 8 hivi (taeli ni kipimo cha uzito wa madini ya fedha) mwaka 1865 hadi zaidi ya milioni 30 mwanzoni mwa karne ya 20. Hayo si mafanikio ya kubeza.

Lakini nani alipanga ushuru wenyewe? Baada ya Vita vya Kasumba vya 1839 hadi 1842, ambavyo China ilishindwa na Uingereza, mikataba iliubana kwenye asilimia 5 hivi, na China haikuweza kuupandisha bila ridhaa ya wageni. Tazama robota la kitambaa cha Uingereza likitoka Shanghai kwenda bara: likilipiwa asilimia 2.5 zaidi, lilipewa hati na kupita vizuizi vyote vya njiani. Mfanyabiashara wa Kichina mwenye bidhaa za nyumbani alitozwa likin, ushuru wa ndani, kizuizi baada ya kizuizi. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo: serikali ilimkamua mtu wake kwa sababu mgeni hakuguswa.

Kisha yakaja madeni. Fidia ya 1901, ambayo mataifa ya kigeni yaliitoza China baada ya Uasi wa Mabondia, pekee ilikuwa taeli milioni 450, bila riba, kwa miaka 39, na forodha ikawa sehemu ya dhamana yake. Baada ya mapinduzi ya 1911 yaliyoing'oa nasaba ya Qing, makusanyo yaliingia moja kwa moja kwenye benki za kigeni. Serikali ya jamhuri ikawa inasubiri salio.

Mwaka 1929 China ilianza kutumia viwango vyake yenyewe vya ushuru, na mwaka uliofuata Japani nayo ikakubali. Ndani ya miaka michache mapato ya forodha yaliongezeka zaidi ya maradufu. Forodha ilikuwa ileile, bado chini ya Mwingereza.