Kilo 14 nilizoleta Kisumu

Niliposhuka uwanja wa ndege wa Kisumu Desemba iliyopita, shangazi alinizunguka mara mbili kama anayepima ng'ombe mnadani, kisha akapiga vigelegele: "Ulaya imekukubali!" Alichokuwa akishangilia ni kilo 14 nilizoongeza kwa miaka minne Birmingham.

Na mimi si mtu wa kufundishwa chakula. Uingereza pakiti nyingi zina rangi kama taa za barabarani, nyekundu, njano na kijani, za mafuta, sukari na chumvi. Tangu Aprili 2022 mikahawa mikubwa ya England hulazimika kuandika kalori kwenye menyu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya sukari 4. Hata ile hesabu naijua: kilo zako gawanya kwa urefu kwa mita, gawanya tena kwa urefu huo huo, ukifika 30, wewe ni mnene kupindukia. Yote hayo nayakumbuka vizuri saa tisa usiku, katikati ya zamu ya kutunza wazee, nikiwa mbele ya mashine ya vitafunio na kidole kimeshabonyeza.

Mama yangu wa Nyalenda hajui kalori ni mdudu gani. Miaka yote alitembea hadi soko la Kibuye na beseni la omena kichwani, akirudi anapika ugali na apoth au osuga, kwa kuwa ndizo mboga alizozimudu. Mwili wake ulitunzwa na miguu na mfuko mtupu. Mdogo wangu ni mwalimu, anafundisha watoto mlo kamili ubaoni. Shule iko dakika kumi kwa miguu, anapanda boda. Jioni anapitia chipsi Kondele. Siku hizi tunaazimana suruali.

Ndiyo maana nikisikia "watu wetu waelimishwe tu", nachoka. Elimu inasaidia, sikatai, lakini kidogo kuliko tunavyodai. Nani atachambua mboga akitoka zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili? Na ni somo gani litamshinda shangazi, ambaye kwake kitambi ni risiti ya pesa?

Asubuhi ya kuondoka mama alinitilia chai vijiko vitatu vya sukari. Nikamwomba apunguze, kimoja kinatosha. Akanitazama kwa huruma.

"Kumbe huko sukari ni ya shida, mwanangu?"

Akaongeza cha nne. Nikanywa.