Aje Amekisoma

Mwaka 1967 kampuni ya Ballantine ilitoa toleo la shule za sekondari la Fahrenheit 451, riwaya ya Ray Bradbury kuhusu wazima moto ambao kazi yao ni kuchoma vitabu. Vifungu zaidi ya 75 vilichezewa. Vijineno vya kulaani vilifutwa, utoaji mimba usitajwe, mlevi akageuzwa mgonjwa. Wasomaji hawakuambiwa lolote. Kuanzia 1973 toleo hilo lililohasiwa ndilo pekee lililouzwa, hata kwa watu wazima, na Bradbury mwenyewe hakujua mpaka 1979. Alikasirika, na maneno yake yakarudishwa.

Siku hizi hawahangaiki kukata vifungu. Kitabu kizima kinaondolewa shuleni. Kila nikisikia wabunge na wazazi wa Marekani wakizilalamikia riwaya za distopia, zile zinazochora dola inayowala raia wake, huwa najiuliza: hivi huyu amekisoma?

Jimbo la Iowa, huko huko Marekani, lilitujibu mwaka 2023. Sheria mpya ilipiga marufuku shuleni kitabu chochote chenye maelezo ya tendo la ngono, isipokuwa vitabu vya dini. Wilaya ya shule za Mason City ikachukua vitabu vinavyolalamikiwa mara kwa mara, ikaiuliza ChatGPT, programu ya akili bandia, kimoja kimoja: humu mna maelezo hayo? Mashine ikiitikia, kitabu nje. Vilitoka 19, riwaya ya Margaret Atwood, The Handmaid's Tale, ikiwemo. Ofisa mhusika alieleza kwamba kusoma kila kitabu hakuwezekani. (Katika nchi ya riwaya hiyo, wanawake wamekatazwa kusoma. Basi.)

Hofu ya mzazi naielewa. Ndani ya riwaya ile mna ubakaji, tena wa kurudiwarudiwa. Lakini hebu utazame ulivyoandikwa: kwanza Biblia inasomwa, kisha mke wa mkubwa anamshika mjakazi mikono wakati mumewe akitimiza kazi yake. Ashiki hamna hata chembe. Ni baridi kama fomu ya ofisini. Mwandishi anataka ukirihike. Anayetafuta tendo tu, awe mtu au mashine, atalipata, na hatajua limewekwa pale kwa nini.

Ndiyo maana nataka vitabu hivi vibaki darasani hasa, si kabatini tu. Kijana akikipata kitabu kwenye simu, peke yake, ataruka moja kwa moja hadi kurasa zinazonong'onezwa. Darasani atakisoma chote, na atabishiwa. Huku kwetu wengi tulionja fasihi hii kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 ya Animal Farm ya George Orwell, ambamo nguruwe wanageuka watawala dhalimu. Mwalimu wetu hakuwahi kumtaja kiongozi yeyote. Angemtaja wa nini, na madawati ya nyuma yalishaanza kucheka?

Mzazi asiyetaka mwanawe asome riwaya fulani apewe nyingine, sina ugomvi naye. Anayetaka kuwaondolea na watoto wa wenzake, aketi na walimu awaeleze sura ya mwisho inasema nini. Ya Atwood inaishia kwenye mkutano wa wanazuoni, mwaka 2195, wakitaniana juu ya ushahidi alioacha mjakazi yule. Vile vicheko tu vinatosha mjadala wa kipindi kizima.