Kofia ya Châlons

Naishi Reims, mji mkubwa wenye kanisa la kutisha kwa urefu, lakini mbele ya serikali ya Ufaransa sisi ni makao ya wilaya tu. Mkoa wetu, wenyewe huuita departementi, ni Marne, namba 51, na mkuu wa mkoa anakaa Châlons-en-Champagne, kamji kadogo mno kuliko kwetu. Wafaransa na mambo yao!

Basi ikaja barua: kadi ya ukaazi iko tayari, ifuate Châlons Jumatatu saa nane mchana. Jumapili usiku nilikuwa Paris kwa rafiki, tumeshiba pilau, macho mazito. Nikashika simu, nikaandika "Chalon", nikabonyeza, nikalipa. Ile kofia juu ya a, na s ya mwisho, nani ana muda nazo? Si zinatamkwa vilevile!

Asubuhi tiketi ikanipeleka Gare de Lyon. Treni za kwetu huondokea Gare de l'Est, na nalijua hilo. Nikajiambia labda leo wamebadilisha. Nikalala.

Kushuka tu, naona magari, na huku bamba huonyesha namba ya departementi: bamba hili 71, lile 71, na lile pale 71. Nikasema, leo Châlons kuna harusi, wageni wamejaa.

Nikamfuata bibi mmoja mwenye mbwa.

"Samahani Madame, ofisi ya mkuu wa mkoa iko wapi?"

"Mâcon."

"Hapana, ya hapa Chalon."

"Hapa tuna ya wilaya tu, Monsieur."

Akaipokea barua yangu, akavaa miwani, akaisoma pole pole, kisha akagandisha kidole juu ya namba ya posta, 51000. "Hii ni Marne. Hapa ni Chalon-sur-Saône, departementi ya Saône-et-Loire." Mbwa naye akanitazama.

Husimuliwa kwamba walipoigawa nchi mwaka 1790, hesabu ilikuwa raia aweze kufika makao ya departementi yake kwa farasi ndani ya siku moja. Mimi nimepanda treni, na nimekwenda zaidi ya kilomita 200 kando.

Nikampigia mwenzangu wa Reims, mtu wa Tanga. Alicheka mpaka akakata simu, kisha akaandika: "Tuma picha tuamini." Nikateremka mtoni, kwenye sanamu ya Nicéphore Niépce, mzaliwa wa hapo, baba wa upigaji picha. Nikajipiga naye, nimekenua meno kwa lazima.

Jibu likaja papo hapo: "Ndiye mkuu wa mkoa huyo? Basi mwombe kadi yako."