Shehena Isiyolala

Ghala la kawaida hupokea mzigo, huupanga rafuni, huuhifadhi, huuokota oda inapokuja, kisha huusafirisha. Aliyewahi kufanya kazi humo anajua inayokula watu na saa kuliko zote: kuokota. Mtu anashinda akizunguka na karatasi mkononi, kasha moja huku, kasha jingine kule. Krosidoki inafuta kazi hizo za katikati. Lori linashushwa upande huu, mzigo unachambuliwa sakafuni, unapakiwa kwenye malori yanayosubiri upande wa pili. Kwa kawaida hautakiwi kumaliza saa 24 chini ya paa lile.

Naiamini njia hii. Kinachoniuma ni jinsi inavyoigwa. Wakubwa wanang'oa rafu, wanachora mistari ya njano sakafuni, wanaongeza milango, wanatangaza kwamba sasa tuna krosidoki. Kumbe wamebaki na ghala lisilo na rafu.

Nimewahi kuwa karani wa mapokezi katika kituo cha namna hiyo. Alfajiri moja lori lilirudi nyuma hadi mlangoni kwangu, hati ikisema paleti 26, kila moja na duka lake. Kufungua, paleti tatu zilikuwa mchanganyiko. Zimeviringishwa nailoni vizuri kabisa, lebo moja juu ya kila paleti, na ndani yake makasha ya mtindi ya maduka manne. Makuli wakakata nailoni, wakaanza kusoma kasha kwa kasha kwa tochi. Upande wa pili malori manne yalikuwa yananguruma ili baridi isikatike. La mwisho liliondoka limechelewa saa mbili, tena na pengo.

Waliofokewa asubuhi ile ni makuli. Kosa lilikuwa limefanyika jana yake, kwa mtu aliyepakia mbali na pale.

Rafu hufunika kombe. Ghalani kosa likiingia linapata pa kulala, linakaa wiki nzima, mtunza stoo anakuja kulirekebisha taratibu na hakuna anayejua. Sakafu ya krosidoki haina pa kulificha. Ndiyo maana taarifa lazima itangulie mzigo: kabla lori halijafika, kituo kiwe kinajua kila paleti imebeba nini, inakwenda wapi, itatokea mlango gani. Ipo hata namba ya kimataifa ya kutambulisha paleti, yenye tarakimu 18, inayosomwa kwa skana kupitia msimbo pau. Kuibandika hakuchukui muda. Kutoibandika kulitugharimu asubuhi nzima.

Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, hutajwa kila mara krosidoki inapozungumzwa, na kwa haki. Lakini watu hukumbuka malori yake na vituo vyake vikubwa, wakasahau kwamba mwaka 1987 kampuni hiyo ilikamilisha mtandao wake wa setilaiti, ikaunganisha maduka, vituo vya usambazaji na makao makuu ya Bentonville. Mzigo ulipata mwendo kwa sababu habari zake zilikuwa na mwendo zaidi.

Hata umbo la jengo limefanyiwa utafiti. Jengo refu jembamba linafaa hadi milango 150 hivi. Ikizidi 200, umbo la X ndilo linaloanza kulipa. Ni elimu nzuri, ila hakuna umbo litakalookoa hati ya uongo.

Na si kila bidhaa ipitishwe huku. Kipuri kinachoulizwa mara moja kwa mwaka kiacheni rafuni. Krosidoki inataka vitu vinavyotoka kila siku kwa kiasi kinachotabirika, au vinavyoharibika upesi.

Ningekuwa mwenye kuamua, fedha ya kwanza isingekwenda kwenye milango. Ningeipeleka kwa msambazaji: printa ya lebo, mafunzo kwa wapakiaji wake, na sharti kwamba orodha itumwe kabla lori halijatoka getini kwake. Kisha ningempa karani wa zamu namba ya simu ya aliyepakia, na ruhusa ya kulizuia lori ambalo orodha yake haijafika.

Makasha ya mwisho ya duka la nne tuliyapata saa nane mchana, nyuma ya nguzo. Mtindi ulikuwa umeshapata joto.