Sio masikio ya vijana tu

Mwandishi wa makala yenu anasema muziki wa dansi umeshuka thamani kwa sababu vijana wa leo hawana subira na wimbo mrefu. Kuna ukweli hapo, lakini mbona hakugusa jinsi malipo yanavyohesabiwa? Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni iliyofika Tanzania na Kenya mwaka 2021, huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa ukishafika sekunde 30. Baada ya hapo, usikilize dakika mbili au nane, hesabu ni ileile. Sasa chukua wimbo wa Sikinde au Msondo, bendi zetu kongwe za dansi: sekunde 30 za kwanza magitaa ndiyo kwanza yanaitana, mwimbaji hajafungua kinywa, na chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, liko mbali kabisa! Bendi nzima, na wapuliza tarumbeta wake, inagawana kile anachopata kijana mmoja aliyerekodi chumbani kwa kompyuta. Simlaumu kijana. Anaweka kiitikio mapema kwa sababu riziki iko hapo.

Tena tangu 2024, rekodi isiyosikilizwa Spotify angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 hailipwi kitu. Wimbo wa zamani wa taarab wenye wapenzi wachache waaminifu unaweza kuangukia hapo hapo. Enzi za kaseti wanamuziki hawa wazee waliumizwa na wadurufu wa mitaani, leo wanaumizwa na kanuni zilizoandikwa wazi.

Mkiendelea na mada hii, wahojini wanamuziki wenyewe: rekodi walizofanya Redio Tanzania ni mali ya nani, na zikisikilizwa mtandaoni hela inaingia mfuko upi?