Kodi ya mwaka kwa seva za wingu

Aliyewahi kupanga fremu Kariakoo anajua: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mingi mkononi, na biashara ikifa katikati, kodi hairudi. Seva za wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia mtandao, nazo zina kodi ya namna hiyo. Tangu 2009 Amazon inauza mikataba ya mwaka 1 au miaka 3, yenye punguzo linaloweza kufika asilimia 72 ya bei ya saa kwa saa.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Tuseme punguzo ni asilimia 40: unalipa asilimia 60 ya bei kwa saa zote za mwaka, seva iwake isiwake. Mwaka una saa 8,760; ukiiwasha seva chini ya saa 5,256, yaani siku 219, mkataba umekula kwako. Hifadhidata inayokesha mwaka mzima inavuka hapo bila jasho, ndiyo maana wahasibu hushangaa mafundi wanasuasua nini.

Mafundi wana lao. Programu ikiandikwa upya, seva nane hubaki tatu, na mkataba unaendelea kudai nane. Soko la kuuza muda uliobaki lipo, ila muuzaji sharti awe na akaunti ya benki ya Marekani. Kwa wengi wetu habari inaishia hapo. Tena wapo wanaodhani wameshikiwa nafasi. Mkataba wa kanda nzima, yaani eneo lenye vituo kadhaa vya seva, hupunguza bei tu: seva zikiadimika, unapanga foleni kama wenzako. Kushikiwa nafasi ni bidhaa nyingine, na unailipia utumie usitumie.

Halafu kuna dola, ambayo mijadala ya wenzetu wa Marekani haina haja ya kuigusa. Mkenya aliyelipa mwaka mzima Januari 2023, dola ikiwa kama shilingi 124, alicheka shilingi ilipoporomoka. Aliyemuiga Januari 2024 alinunua dola kwa 160 hivi, na kufikia Aprili ilikuwa karibu 130.

Mimi ningefunga mwaka 1, bila malipo ya awali, kwa seva zile tu ambazo hata Jumapili saa tisa usiku ziko kazini. Zilizobaki nilipie saa kwa saa, ghali hivyohivyo. Na tarehe ya mwisho ningeibandika ukutani, maana mkataba ukiisha seva haizimiki. Bei ya kawaida ndiyo inayorudi kimyakimya.